Adui Alipopiga Magoti

Mpaka leo, ukikaa kwenye benchi la kinyozi pale Katandala, Sumbawanga, ukaitaja ile picha ya kisasi, mkasi unasimama. Mmoja atakuambia steringi, shujaa wa picha, alifanya haraka kuua. Mwingine atasema alichelewa, angemmaliza adui siku ileile walipokutana sokoni, picha ikaisha, watu wakaenda kulala. Halafu lazima atokee wa tatu. Huyo huniangalia kwanza kwa pembeni, ndipo aulize: hivi kweli yule adui alifukia kitu chini ya kitanda, au hakufukia?

Mimi huwa nainuka nakwenda zangu. Leo siinuki. Nimechoka kusemewa na watu ambao siku ile walikaa nyuma ya nguzo, hata shuka la picha hawakuliona vizuri.

Jina langu Leonsi, fundi cherehani, mzaliwa wa Mollo. Siku za kazi nilishona, na Jumapili nilikuwa mtafsiri wa picha. Picha zilikuja kwa lori kutoka Mbeya, ndani ya mikebe ya bati, zikaonyeshwa saa tisa alasiri, watu wametoka misani na wameshakula. Madirisha ya ukumbi tuliyaziba kwa magunia. Adriano, fundi redio, aliendesha mashine, na mimi nilisimama pembeni ya shuka na kipaza sauti. Shuka lenyewe nililishona kwa mkono wangu, vipande vinne, na mshono ulipita katikati ya uso wa kila mtu aliyetokea.

Picha zilikuwa za Kichina, za kareti. Chini yalipita maandishi ya Kiingereza, yakija na kuondoka kabla hujaweka miwani. Kiingereza changu ni cha darasa la sita, tena mwalimu wetu mwenyewe alikuwa akiliogopa somo hilo. Kwa hiyo nilitafsiri kwa akili. Na nikuambie siri ya kazi ile: mtafsiri haangalii picha, anaangalia watu. Ukisimama pembeni, picha unaiona imejivuta, kichwa cha mtu kirefu kama mchi. Watu ndio unawaona vizuri. Wakianza kukohoa na kuvutana makoti, unajua hadithi imepoa, unaongeza chumvi. Hakuna aliyewahi kulalamika. Walilipia chumvi.

Jambo jingine, majina ya Kichina yalitushinda wote. Basi wahusika niliwapa majina ya watu wa mjini. Steringi nilimpa jina la yeyote niliyempenda siku hiyo. Adui alikuwa na jina moja tu, picha zote, mwaka hadi mwaka. Adui aliitwa Mwinjuma.

Usikasirike bado. Mwinjuma alikuwa mtani wangu. Babu yake alikuja Ufipa akitokea Tabora, Mnyamwezi kamili, na Mnyamwezi kwa Mfipa ni mtani. Alikuwa na duka na lori, lilelile lililoleta picha. Mimi nilimwita mbeba mizigo, kwa misafara ya babu zake. Yeye aliniita Radi, akidai sisi Wafipa tukikosana na jirani tunamtumia radi mchana kweupe. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele, koti refu, kofia ya mkono. Mwinjuma wa kwenye shuka akiuawa, Mwinjuma wa benchini alisimama, akazunguka ukumbini na kofia yake akidai mchango wa msiba. Watu walicheka mpaka Adriano akasimamisha mashine.

Na mama yangu alipofariki, mwaka sabini na tisa, tulipofika makaburini kule Mollo tulimkuta Mwinjuma amelala ndani ya kaburi, mikono kifuani. Akasema hatoki, hilo ni shamba lake, bibi kizee akatafute kwingine. Tulimpa jogoo na kilo ya sukari ndipo akatoka. Nilikuwa nimelia siku mbili bila kula, na pale kaburini nikacheka kwa mara ya kwanza. Mtu wa kukuchekesha siku hiyo utampata wapi? Ndiyo maana nasema, katika haya yote sikutafuta kitu kingine. Nilitafuta Mwinjuma anitukane tena.

Sasa twende mwaka themanini na tatu. Unaukumbuka. Madukani rafu tupu, sabuni hakuna, watu wanafulia majivu na majani ya mpapai. Ikaja operesheni ya kuwasaka walanguzi, na mji ukabadilika kwa wiki moja. Jina la Sumbawanga maana yake tupa uchawi. Mwezi ule watu walitupa sukari mtoni, walitupa vitenge chooni, kwa kuogopa kukutwa navyo. Ukimsalimia mtu anakuuliza kwa nini umemsalimia. Ukibisha hodi, ndani panakuwa kimya kwanza, halafu unasikia kitu kinaburutwa.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita nilikwenda kwa Mwinjuma kupima madirisha. Mkewe, Mwasiti, alitaka mapazia. Nilipima sebule, nikapima chumba cha kulala, Mwinjuma mwenyewe ameshika upande wa pili wa futi kamba na kuniambia nisiibe inchi zake. Nilipiga magoti kupima chini ya dirisha, nikaandika, nikaondoka. Nyumbani mke wangu Klementina akaniuliza magoti ya suruali yamepata wapi udongo mbichi, na mvua ilikata tangu Aprili. Nikamwambia mwanaume hutembea. Hayo yalikuwa Ijumaa.

Jumapili tukaonyesha ile picha. Ilikuwa imefika jana yake jioni, sikuwa nimeiona. Nilielewa haraka kwa sababu zote zinafanana: mtoto anaona baba yake anauawa na rafiki wa baba, mwenye kovu shavuni. Mtoto anakimbilia mlimani kwa mzee mwenye ndevu, anabeba ndoo za maji miaka kumi na miwili, anapigwa fimbo, anajifunza. Anarudi mjini mkubwa, anawamaliza vijana wa adui mmoja mmoja. Ukumbi ulikuwa moto. Mzee Tadei wa mashine ya kusaga alisimama juu ya benchi akirusha mateke, na magoti yake mabovu.

Halafu picha ikapoa. Adui yuko peke yake, ameingia chumbani, anatembea taratibu. Hakuna teke wala ngumi. Dakika zinakwenda. Watu wakaanza kukohoa. Nikaona wawili wanaelekea mlangoni. Nikatupa jicho kwenye shuka, nikaona adui anapiga magoti, anainama, mikono chini. Nikashika kipaza sauti.

Nilisema hivi, na sikatai: "Mnamwona Mwinjuma? Anasogeza kitanda. Anafukia sabuni, katoni kwa katoni. Ninyi mnafulia majivu, yeye anafukia chini ya kitanda na kusiriba udongo juu!"

Ukumbi ulilipuka. Walioelekea mlangoni walirudi. Mtu akapiga kelele steringi aje upesi kabla sabuni haijalowa. Mimi nilimtazama Mwinjuma, kama kawaida yangu, nione atajibu nini. Mwinjuma hakusimama. Adui alipouawa mwishoni, kofia haikuzunguka. Alikaa amekunja mikono ndani ya koti, akatoka kabla taa hazijawashwa. Nikasema moyoni, baridi ya Juni hiyo, na mbeba mizigo amezeeka.

Jumanne asubuhi walimjia. Wageni wawili wa operesheni, na nyuma yao Flavian, balozi wetu wa nyumba kumi. Hawakugusa duka wala hawakufungua stoo. Walikwenda moja kwa moja chumbani, wakasogeza kitanda, wakaomba jembe. Zikatoka katoni kumi na nne za sabuni. Mwinjuma alipandishwa kwenye lori lake mwenyewe, wakaondoka naye.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nakunja pindo la pazia lake. Habari ilinifikia kabla sindano haijamaliza upana wa dirisha. Niliacha kila kitu nikakimbia. Mwasiti alikuwa amesimama mlangoni, kanga mbili, uso mkavu. Nikamwambia pole, shemeji.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mapazia baki nayo."

Akafunga mlango.

Nikuambie ukweli, sikuelewa mara moja. Nilipofika sokoni ndipo nilielewa. Watu waliokuwa wanazungumza walinyamaza. Muuza dagaa, ambaye huwa ananiita kutoka mbali, alijifanya anahesabu mafungu. Mzee Tadei akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimelipwa. Lisemwalo lipo, akaniambia, na kama halipo laja. Nikamwambia asinitupie methali, aniambie kosa langu. Akasema Jumapili nilitaja chumba, nikataja kitanda, nikataja sabuni, na Jumanne ikatoka sabuni chini ya kitanda chumbani. Sasa yeye afikirie nini?

Nilikasirika. Nilikwenda kwa Flavian nikamkuta anapalilia vitunguu. Flavian ni mtu wa maneno machache, na mwaka ule alikuwa wa maneno machache zaidi. Nilimuuliza nani amesema. Alipalilia mstari mzima kabla ya kujibu. Akaniambia wale wageni wawili walikuwapo ukumbini Jumapili, walikaa nyuma. Picha ilipoisha walimuuliza kama kweli kuna mtu anaitwa Mwinjuma hapa mjini, akawajibu yupo, mwenye lori. Wakamuuliza yule anayesema kwenye kipaza sauti anafahamiana naye? Akawajibu wanafahamiana sana. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia ni utani.

"Hawakuniuliza utani," akasema Flavian. "Niliulizwa jina, nikajibu jina."

Wale ni watu wa mbali, kwao labda mtani hayupo. Mfipa yeyote angejua kuwa adui akiitwa Mwinjuma maana yake ni kwamba Mwinjuma ni rafiki yangu. Wao walisikia ushahidi. Lakini nilipata pa kushika. Nilisema hadharani kwa wote, na nilisema kwa nguvu: sikubuni kitu. Picha ndiyo iliyoonyesha mtu anafukia vitu chini ya kitanda. Mimi nilitia sabuni tu mahali pa dhahabu au chochote walichonacho Wachina. Mkinilaumu mimi, laumuni na Wachina.

Basi mji ukagawanyika juu ya picha. Mzee Tadei, bado na hasira zake, alisema adui hakufukia kitu, alikuwa anatafuta kiatu. Dominika, muuza pombe ya ulezi, aliapa kwa marehemu mumewe kuwa aliona kitanda kinasogezwa, tena aliona jembe. Hamidi fundi baiskeli akasema hakukuwa na kitanda hata kimoja picha nzima, Wachina wale hawalali. Wengine walisema steringi angejuaje pa kumkuta adui kama si kwa harufu ya alichofukia. Kila mtu alikuwa na picha yake. Tena ukitazama vizuri, wanaonipenda waliona jembe, na wasionipenda waliona kiatu.

Mtu mmoja tu alikuwa ameiona picha yote kutoka mbele, bila kuangalia watu na bila kucheka. Adriano. Yeye hukaa nyuma ya mashine, jicho kwenye kitundu. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza akasema hakumbuki. Mara ya pili akasema kazi yake ni kurusha picha, kusema ni kazi yangu. Mara ya tatu akaniomba nisije tena. Nilianza kumshuku Adriano. Usiku na mchana nilijiuliza, huyu anaficha nini? Au wale wageni walimpa kitu na yeye? Nilimwambia Klementina Adriano ni nyoka. Klementina alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

Mikebe ilikuwa bado kwa Adriano, kwa sababu lori la kuirudisha Mbeya ndilo lililoshikwa. Nikaweka nia. Mwinjuma akirudi, picha ionyeshwe tena, mimi nikiwa nimefunga mdomo. Shahidi wangu ni picha.

Alirudi baada ya wiki saba. Sabuni imekwenda, lori limebaki hukohuko, na koti limekuwa kubwa. Hakutoka nje. Nilipita mbele ya duka lake mara nne siku ya kwanza, nikikohoa. Zamani angeniuliza kama nimemeza radi. Nilisikia mtu ndani anavuta kiti, basi.

Nilimtuma Balozi Flavian. Nikamwambia amwambie Mwinjuma aje Jumapili, aone kwa macho yake kuwa mtani wake hakumuuza. Akiona, aamue. Flavian akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kuliko ninavyojua jina la baba yangu. Adriano nilimwendea na Flavian, maana balozi akisimama mlangoni hukatai. Adriano alinitazama kama anataka kusema jambo, akaangalia chini, akasema, "Haya."

Jumapili hiyo watu walifurika mpaka wengine wakasimama. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya kareti. Mwinjuma aliingia wa mwisho, Mwasiti nyuma yake, wakaenda benchi la mbele. Watu walimpisha. Mimi sikusimama pembeni. Nilikaa kwenye benchi kama mtazamaji, safu ya tatu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona picha kutoka mbele. Nilifurahi. Nilisema, saa moja na nusu tu, halafu atanitukana.

Picha bila mtafsiri ni kitu kingine. Husikii ila jenereta, na hao wenyewe wakipiga kelele za kwao. Nikaona mambo ambayo sikuyaona. Niliona yule adui na baba wa steringi, mwanzoni, wakigawana andazi moja. Niliona adui alipomchoma rafiki yake jisu alilishika vibaya, kwa hofu, na kovu la shavuni alilipata palepale. Mimi siku ile nilisema alizaliwa nalo. Vijana wakapigana, mateke yakarushwa, na hakuna aliyeshangilia. Mzee Tadei alikaa kitako muda wote. Wote tulikuwa tunangoja chumba.

Chumba kikaja. Adui akaingia peke yake, taratibu. Hapakuwa na kitanda. Hamidi alisema kweli, hapakuwa na kitanda. Palikuwa na meza ndogo ukutani, na juu yake kibao kilichoandikwa, kama cha kaburini. Adui akawasha vijiti vya ubani, akavichomeka, akapiga magoti. Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mikono ilikuwa chini kweli, lakini mitupu, viganja vimefunguka. Akakaa hivyo muda mrefu. Uso ulipoinuka ulikuwa umelowa machozi, mshono wa shuka langu umeupasua katikati.

Alikuwa anamlilia rafiki aliyemuua. Hata ng'ombe angeelewa. Na mwisho steringi alipomfuata, tuliona tulichokipigia makofi siku ya kwanza: adui aliweka upanga wake chini kabla hajaguswa. Hakupigana. Dominika, aliyeapa kuwa aliona jembe, alijifunika kanga usoni.

Adriano akazima mashine. Magunia yalitolewa dirishani, mwanga ukaingia, na watu wote wakanigeukia mimi. Si kwa hasira. Nilitamani ingekuwa hasira. Walinitazama vile unavyomtazama mtu aliyeanguka na sahani za sherehe.

Mwinjuma alisimama. Akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Sabuni uliijuaje?" akauliza.

Hakupaza sauti. Nilikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa limeonyeshwa na kuisha. Nikasema, "Nilidhani nimeiona kwenye picha." Hata masikioni mwangu lilikuwa neno la mwongo. Mwinjuma akaitikia kwa kichwa, polepole, akavaa kofia yake, akamtanguliza mkewe, wakatoka.

Adriano alinikuta bado nimekaa. Akaniambia alijua tangu siku ya kwanza kuwa adui hakufukia kitu, ndiyo maana alinyamaza. Alifikiri akinyamaza ananisaidia. Na mimi nilimwita nyoka.

Nilifika nyumbani nikiwa nalaani kila kitu: wageni, Flavian, Wachina, sabuni yenyewe. Nilimwambia Klementina nimeshindwa kujua maneno yale yalitoka wapi, labda ni pepo. Klementina akaingia chumbani akarudi na suruali yangu ya kaki, ile ya Ijumaa. Magotini bado palikuwa na madoa.

"Nimeifua mara tatu kwa majivu," akasema. "Udongo wa kusiriba hautoki. Leonsi, wewe ulipiga magoti juu yake."

Nikakaa chini.

Ni kweli. Nilipiga magoti chini ya dirisha la Mwinjuma kupima pazia, na sakafu ikabonyea. Sakafu ya chumba kizima ilikuwa ngumu, imesuguliwa miaka, na pale kando ya kitanda palikuwa pabichi, pamesiribwa upya kwa udongo, maana saruji haikupatikana. Nilisikia hata harufu, ile ya mche mpya wa sabuni, ambayo mwaka ule ungeitambua kutoka barabarani. Nikamuuliza Mwinjuma wamemzika nani humo. Alicheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. Nami nikaandika vipimo vyangu, nikatoka, nikaliacha jambo hilo palepale. Au nilidhani nimeliacha. Jumapili nilipomwona mtu amepiga magoti kwenye shuka, ulimi ulikwenda wenyewe ukalichukua. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa na kipaza sauti.

Utani una mpaka wake, na mpaka huo mtoto wa Kifipa anaujua kabla hajaota meno. Mtani unamsingizia. Unamwita mchawi kwa sababu si mchawi, mwizi kwa sababu si mwizi. Ukimwambia la kweli mbele za watu, hapo humtanii tena, unamsema. Mimi niliuvuka mpaka huo mbele ya watu mia mbili, nikacheka, na sikujua. Sijui kama inanipunguzia kosa. Klementina anasema haipunguzi.

Nilikwenda kwa Mwinjuma kumwambia haya, kama ninavyokuambia wewe. Nilikwenda mara mbili. Mara zote Mwasiti alinifungulia, akanikaribisha kiti, akaniletea chai bila sukari, akasema mzee hayupo. Viatu vya mzee vilikuwa mlangoni. Mapazia niliyamaliza, nikayaacha kwenye kiti. Sikuyaona dirishani.

Mwezi wa kumi na mbili baba yangu alifariki, Mollo. Mvua zilikuwa zimeanza. Tulichimba kaburi kwenye matope, karibu na la mama, na watu wakatembea kutoka mjini kuja kutuzika. Nilimwona Mwinjuma kutoka mbali, akishuka kilima kwa miguu, koti lake refu na mwavuli. Lori hana. Nilipomwona, nisamehe, machozi ya baba yalikauka. Nilisema amekuja. Mtani haachi msiba. Nilimwambia ndugu yangu anayenifuata kuzaliwa atafute jogoo haraka, na kama hakuna, atafute hata bata, mtani akidai tusiaibike.

Tulifika makaburini na jeneza mabegani. Niliinua shingo kutazama ndani ya kaburi. Lilikuwa tupu, maji kidogo chini.

Mwinjuma alikuwa amesimama kando, pamoja na wageni wengine, mwavuli ameukunja kwa heshima. Nilichelewesha. Niliwaambia wabebaji wapumzike, nikasema kamba haijakaa sawa, nikaifungua nikaifunga. Ndugu yangu amesimama na jogoo kwapani, jogoo analia. Watu wakaanza kutazamana. Padri akanigusa bega. Mwinjuma alikuwa anatazama miguu yake.

Jeneza likashuka, hakuna aliyelizuia. Ilipofika zamu ya wageni, Mwinjuma alichukua udongo, akatia mara tatu, akapangusa mikono, akaja kwangu. Akanipa mkono, akaweka na rambirambi yake kwenye sahani, sawasawa na watu wote.

"Pole sana, Bwana Leonsi," akasema. "Mzee alikuwa mtu mwema. Mungu ampumzishe."

Nikamjibu ahsante. Akafungua mwavuli wake, akapanda kilima kurudi mjini. Ndugu yangu akaniuliza jogoo amfanyeje, nikamwambia amfungue.